Hapakuwa na Mawe

Wiki tuliyomsindikiza Ireri nilikuwa jikoni kwa binti yake Muthoni, katika mtaa wa Dallas mjini Embu, nikimenya viazi pamoja na akina mama wa kanisa lake. Sebuleni watu walikuwa wakiimba na kuomba. Huku jikoni tulifanya kazi na kuongea kwa sauti za chini, kama inavyofaa nyumba yenye msiba. Mama mmoja nisiyemjua alimwuliza jirani yake marehemu alikuwa nani hasa, naye jirani akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria: "Si ni Ireri wa Kanja. Yule wa mawe kwa pampu." Alisema hivyo bila nia mbaya, kama mtu anavyosema yule wa duka, au yule mrefu. Niliweka kisu chini. "Hapakuwa na mawe," nikasema. Wakanitazama. "Mimi ndiye niliyeifungua hiyo pampu kwa mikono yangu. Hapakuwa na mawe." Mama wa sufuria akanishika bega. "Haya, cucu. Pole," akaniambia, jinsi mtu anavyomtuliza mzee aliyechoka. Sikutaka pole. Nimerudi nyumbani kwangu Meru, nyuma ya soko la Gakoromone, ambako kelele za wauza kabeji huanza kabla sijanywa chai, na nimekaa mezani kuuandika mwaka ule wote, ili atakayesema neno mawe tena asiwe na kisingizio kwamba hakuambiwa.

Nilifika Kanja miaka ya sabini ikielekea kwisha, nikiwa na cheti kipya cha ufundi wa mitambo na sanduku la spana ambalo lilikuwa zito kuliko nguo zangu zote. Katika darasa letu la mitambo nilikuwa msichana peke yangu, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kutazamwa. Ofisi ya maji ya Embu ilinipa kazi ya kuendesha pampu ya mradi wa wanakijiji, pampu iliyochukua maji mtoni na kuyapandisha hadi kwenye tangi lililo juu ya zahanati. Chairman wa kamati ya maji, mzee Njue, alinipokea barabarani akiwa amevaa koti na kofia, akalitazama sanduku, kisha akanitazama mimi. "Tuliomba fundi," akawaambia wenzake, "wametuletea msichana." Wenzake wakacheka. Nikamwambia fundi yuko ndani ya msichana, atoke njiani nipite. Ndivyo tulivyoanza, mimi na Chairman, na sijawahi kujutia.

Hakuna nyumba iliyotaka kumpangisha msichana asiye na mume, ila nyumba moja, na hiyo ilikuwa ya mtu niliyekuja kuchukua kazi yake. Ireri alikuwa mwendeshaji wa kwanza wa pampu ile. Ilipoharibika mara ya kwanza, ikatengenezwa. Ilipoharibika tena, wakaifungua na kukuta impela, lile gurudumu la mapezi linalozunguka ndani na kuyasukuma maji, limeliwa vibaya. Kwa kuwa kila aliyepita barabarani alikuwa amesikia kwa masikio yake sauti ya mawe yakisagika ndani ya mashine, hakuna aliyehitaji kufikiri zaidi. Wakasema Ireri alikuwa akitia kokoto kwa makusudi, maana shemeji yake aliuza maji kwa mkokoteni wa punda, na bomba la zahanati lilikuwa limemharibia biashara. Askari walimchukua, akalala korokoroni, akaachiliwa bila kesi. Jumapili iliyofuata Chairman, aliyekuwa pia mzee wa kanisa, alisimama wakati wa matangazo akasema kwamba kuna mtu katikati yetu aliyewanyima watoto wetu maji. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Tangu siku hiyo Ireri hakukanyaga kanisani.

Chumba nilichopewa kilikuwa ubavuni mwa jikoni, kuta za mbao zilizobandikwa magazeti ya zamani, gunia la maharagwe ya njahi kwenye kona, kitanda cha kamba, na taa ya chemni iliyoning'inia kwenye msumari. Kati ya mbao palikuwa na nyufa, hivyo mwanga wa moto wa jikoni uliingia kwangu kwa mistari, pamoja na moshi na maneno. Wawira, mke wa Ireri, aliniletea githeri jioni ya kwanza, na kipande cha nduma juu yake, akaiweka sahani kwenye kigoda akatoka bila kunena. Nilikula nikiwasikia upande wa pili. Walizungumza Kiembu, labda wakidhani mtu wa Meru hataelewa, lakini lugha zetu ni ndugu na nilielewa yote. "Umempa kitanda mtu anayekula kazi yako," Wawira alisema. Ireri akajibu kwamba kazi haikuwa yake tena. "Na kesho akiwasha mashine akasikia mawe?" "Atasikia," Ireri akasema. "Kila mtu husikia." Nimesahau mambo mengi ya mwaka ule, lakini ile sauti sijaisahau. Haikuwa sauti ya mtu aliyeonewa. Ilikuwa ya mtu aliyekubali.

Nyumba ya pampu ilisimama kando ya barabara, imepakwa rangi ya buluu, na mlangoni kulikuwa na bamba la bati lenye jina la Chairman, kwa sababu kiwanja kilikuwa chake na alikitoa bure. Ilikuwa nyumba nzuri. Gari lingeweza kufika hadi mlangoni. Ndani mlikuwa na injini ya dizeli na pampu iliyofungiwa impela mpya majuzi tu. Kutoka hapo bomba moja lilipanda kilimani kwenye tangi, na jingine liliteremka hadi mtoni, mbali sana huko chini, likipita kati ya mikahawa, likikunja kona kulizunguka jabali, likikunja tena kufuata mpaka wa shamba. Niliwasha injini, nikafungua maji, na mara nikasikia. Kama kokoto zikizungushwa ndani ya debe. Nami pia, niseme wazi, jambo la kwanza nililofanya ni kuyatafuta mawe. Nilizima, nikafungua pampu boliti kwa boliti, nikatia mkono ndani. Maji tu. Niliteremka mtoni nikakuta mchujio kwenye mdomo wa bomba u mzima, umefungwa vizuri, na matundu yake ni madogo hata punje ya mahindi isingepita. Nikafunga tena, nikawasha, na mawe yakaanza kulia upya.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo mwalimu wetu alilisema mara moja tu, akiwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana. Nilishika valvu ya bomba linalopanda kilimani, nikaanza kuifunga taratibu, maji yapite kidogo kidogo. Kelele ikapungua. Nikaifunga zaidi, ikakoma kabisa. Nikafungua, ikarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikiwa peke yangu na mashine ile, nikicheka kama mwendawazimu. Jiwe lililo ndani ya pampu halisikilizi valvu, linagonga tu. Kitu kinachonyamaza unapopunguza maji, kisha kinarudi unapoyaongeza, si jiwe.

Nitaeleza ilivyo, kwa maana sikuweza kueleza vizuri siku zile na nilichekwa. Watu hufikiri pampu huvuta maji kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija, na kwamba mashine yenye nguvu zaidi itavuta kutoka mbali zaidi. Pampu haivuti. Hata mdomo hauvuti. Pampu huondoa kilicho mbele yake na kuacha nafasi, na uzito wa hewa hii inayotuzunguka ndio unaoyasukuma maji ya mtoni yapande bombani kuijaza nafasi hiyo. Nguvu za hewa zina mwisho, na kwetu huku kwenye miteremko ya mlima hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mwisho huo uko karibu zaidi. Ukiiweka pampu juu mno kutoka mtoni, ukaipa bomba jembamba, refu, lenye kona, maji hufika mlangoni mwa pampu msukumo ukiwa umebaki kidogo sana. Hapo hufanya jambo ambalo halionekani kuwa kweli: yanachemka yakiwa baridi. Yanatoa mapovu ya mvuke. Mapovu hayo yakishaingia kwenye mapezi ya impela, ambako msukumo unarudi kwa kishindo, hubomoka moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu, na kila moja hudonoa chuma kidogo sana. Hiyo ndiyo sauti ya mawe. Pampu ya Kanja ilikuwa ikitafunwa na maji matupu.

Impela ya zamani, ile iliyomfunga Ireri, nilikuwa nimeiona imetupwa nyuma ya nyumba ya pampu. Niliichukua, nikaisugua matope, nikaipeleka jikoni kwa Wawira alipokuwa akikoroga uji wa wimbi. Ireri alikuwa kando ya moto akikarabati mpini wa jembe. Nikaiweka mbele yake. "Baba Muthoni, tazama hii," nikamwambia. "Jiwe likipita kwenye chuma linaacha mkwaruzo. Nionyeshe mkwaruzo." Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye mapezi. Chuma kilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama sega la nyuki, vyote karibu na mahali maji yanapoingilia, na sehemu nyingine zote laini kama zilivyotoka kiwandani. Nikamweleza niliyokwisha kuyaona. Alipoongea hakunitazama mimi wala mkewe. "Mimi nilikuwa nimeamini," akasema. "Nilijiambia labda siku moja nilisafisha mchujio nikaufunga vibaya, kokoto zikapanda, na sikujua." Mwiko wa Wawira ukasimama ndani ya sufuria. "Wewe?" akamwuliza. "Nimegombana na watu kisimani, nimegombana na dada zangu, na wewe mwenyewe ulikuwa upande wao?" Ireri akafunika uso kwa mikono. Wawira alimtazama, akaitoa sufuria motoni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akanimiminia uji yeye mwenyewe, kikombe kikajaa hadi ukingoni. "Kaa chini," akaniambia. "Anza tena tangu mwanzo, pole pole. Nataka kujua kila kitu."

Tuliongea hadi moto ukafa. Ireri aliijua ile sauti kuliko mimi. Alisema ilikuwa mbaya zaidi kiangazi, mto ukishuka, na mbaya zaidi alasiri kuliko asubuhi. Kila alichosema kiliingia mahali pake: mto ukishuka, maji yana safari ndefu ya kupanda, na maji yakipata joto huchemka upesi zaidi. Ungedhani mtu huyo angefurahi. Lakini niliposema nitakwenda kwenye kamati, uso wake ulijikunja. "Kagendo, mimi sikukuomba," akasema. "Watu wameanza kunisahau. Ukilichokoza hili jambo, wataanza upya." Nilimjibu kwa jeuri ya ujana kwamba silifanyi kwa ajili yake, nalifanya kwa ajili ya pampu. Haikuwa kweli hata kidogo, na sote wawili tulijua.

Kamati ilikutana katika darasa la chekechea, wazee wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu. Injinia Mbogo alikuwa ametoka ofisini Embu, mtu mpole mwenye miwani, naye akapewa kiti cha mwalimu. Nilikuwa nimeazima bomba la sindano la kioo kutoka zahanati, lisilo na sindano yenyewe, na chupa ya maji ya moto. Nikavuta maji kidogo, nikatoa hewa yote, nikaziba mdomo kwa kidole, kisha nikavuta kishikio kwa nguvu. Ndani ya kioo maji yakaanza kuchemka mbele ya macho yao, mapovu yakapanda. "Ni hewa imeingia," mmoja akasema. Nikaachilia kishikio, mapovu yote yakatoweka. "Hewa ingebaki," nikasema. "Huu ni mvuke. Hii ndiyo sauti mliyosikia. Pampu iko juu mno. Ishusheni chini karibu na maji, tuipe bomba fupi na pana, na kelele itaisha. Kusukuma maji mlimani mashine hii inaweza. Kuyachukua kutoka mbali vile ndiko haiwezi, na haitaweza hata mkinunua nyingine kubwa." Wazee wakamtazama Chairman. Chairman akatabasamu. "Madam, hapa hakuna mgonjwa wa kudungwa sindano," akasema, wakacheka wote. Kisha akaacha kutabasamu. "Hii nyumba imejengwa na jasho ya watu. Siku ya kufunguliwa wageni walifika na magari mpaka mlangoni. Wewe umekuja juzi. Rudi, washa mashine." Nikamgeukia Injinia Mbogo, maana yeye alikuwa na elimu kunishinda. Alikuwa akiifuta miwani yake.

Alinifuata nje, karibu na gari la serikali. "Uko sawa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilijua siku tunapima. Nilisema mara moja, nikaambiwa mgeni rasmi wa ufunguzi hawezi kuteremka kule mtoni na viatu vyake. Nikanyamaza." Nikamwuliza kama alinyamaza pia Ireri alipolala korokoroni. Hakukana. "Nilinyamaza pia," akasema, akaingia garini. Maisha yangu yote baadaye, nikifundisha vijana ufundi, nimesikia watu wakisema tatizo la nchi yetu ni kutojua. Kanja hatukukosa kujua. Kujua kulikuwepo, kumekaa kwenye kiti cha mwalimu, kunafuta miwani. Alichokosa Ireri ni mtu mmoja aliye tayari kuchukiwa.

Basi nilichukiwa. Niliondoa boliti zinazounganisha injini na pampu, nikazitia kwenye mfuko wa ovaroli, nikamwambia Chairman kwamba sitawasha mashine ile tena mahali pale ilipo, na kwamba akitaka fundi mwingine amlete, nitamwonyesha naye. Ofisi haikuwa na fundi mwingine. Bomba la zahanati likakauka, na wanawake wakarudi mtoni na mitungi na madebe kama zamani. Kila asubuhi nami niliteremka nao, nikajitwika debe, nikapanda nao mteremko ule wenye utelezi, si kwa kujionyesha bali kwa sababu sikuona haki ya kukaa nyumbani. Walinitukana njia nzima. Mkali kuliko wote alikuwa cucu Ciarunji, bibi kizee aliyebeba maji kwa kamba ya paji la uso na mgongo uliopinda. "Wewe mwari wa Meru," alinipigia kelele mbele ya watu, "mgongo wangu ni punda yako? Kama kwenu hamna kazi, enda uchezee mashine ya mama yako!" Jioni kwenye ufa wa mbao nilimsikia Wawira akilia, akisema nitawamaliza, na Ireri akisema, "Mwache. Hata mimi ningetaka kuwa hivyo." Niliuma shuka. Nilikuwa na umri mdogo, niliogopa, na usiku mwingine niliziweka zile boliti chini ya mto nikaapa asubuhi nitazirudisha. Asubuhi nilikuta bado siwezi. Sijui ujasiri ni nini zaidi ya hapo.

Ni Ciarunji aliyelivunja jambo lile. Asubuhi moja tulipumzika kwenye tambarare ya mwamba, si mbali na maji, akaweka mtungi chini akanitazama kwa jicho moja lililobaki na nuru. "Ukiileta hapa chini," akauliza, "itaacha kutafuna?" Nikasema itaacha. "Unajua ama unafikiri?" Nikamwambia najua. "Na isipoacha?" Nikamjibu nitambebea maji mpaka mmoja wetu afe. Akacheka, meno machache yakionekana, akageukia wenzake. "Mmesikia? Hata akidanganya, mimi nimepata mtumishi." Kesho yake walikuja na majembe badala ya mitungi. Wawira alikuja na sururu. Shamba lenye ule mwamba lilikuwa la mkwe wa Ciarunji, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ruhusa aliitoa wapi. Walichimba, wakasawazisha, wakaokota mawe ya msingi wakiyacheka: "Haya ndiyo mawe ya Ireri!" Ireri mwenyewe alitokea siku ya pili, akasimama mbali kati ya mikahawa, kisha akavua koti akaja kushika upande mmoja wa gogo tulilokuwa tukiliburuta.

Chairman alikuja na askari mmoja na Injinia Mbogo. Alisimama juu kwenye ukingo, akapiga kelele kwamba mali ya umma haiguswi bila kamati, na kwamba nitalala ndani. Wanawake waliendelea kuchimba. Askari, ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wachimbaji, alitazama mbingu. "Injinia," Chairman akasema, "waambie." Mbogo akatutazama. Ninamwona hadi leo: akavua viatu, akakunja suruali, akateremka mteremko ule akiteleza, akishikilia migomba, mpaka akafika kwenye mwamba. Akatembea huku na huku akiangalia alama za mafuriko kwenye miti. "Si hapo," akaniambia. "Mto ukijaa utafika hapo. Wekeni hapa, nyuma ya hili jabali." Alifungua mfuko wake akatoa kamba ya kupimia.

Tuliiteremsha injini kwa kamba na magogo, wanaume nao wakaja mwishowe, kila mmoja akitoa amri. Tukafunga bomba fupi, pana, lisilo na kona hata moja, na siku ya kuwasha mteremko mzima ulijaa watu. Nilifungua valvu hadi mwisho. Injini ikanguruma kama kawaida yake, lakini pampu yenyewe ikawa inavuma tu, mvumo laini kama wa mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Nilimwita Ireri. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma, kwenye mwili wa pampu, akafumba macho. Huko juu watoto wa zahanati wakaanza kupiga mayowe: maji yamefika. Hakuna aliyenibeba juu juu. Ciarunji alinipita akisema amekosa mtumishi.

Nilidhani mambo yamekwisha, lakini hayakwisha. Kamati ilitangaza kwamba pampu imehamishwa kwa uamuzi wake, sawa, nisingegombania hilo. Ireri akarudishwa kama msaidizi wangu. Lakini kuhusu mawe hakuna aliyesema lolote, na niliona jinsi lile neno lingebaki hivyo hivyo, likikaa kimya hadi lirithiwe na watoto wake. Nikamwendea Chairman nyumbani kwake, nikamwomba alisahihishe pale pale alipolisemea. Alinikaribisha chai, akasema yaliyopita yamepita. Basi Jumapili nilikwenda kanisani na ile impela nimeifunga kwenye leso. Ulipofika wakati wa matangazo nikatembea hadi mbele, nikaiweka mezani, nikasema jina langu. Nikasema: "Katika kanisa hili ilisemwa kwamba mtu alitia mawe kwenye pampu. Mtu huyo ni Ireri, na mimi namtaja. Hakutia mawe." Mchungaji akasimama haraka akasema tuimbe. Kinanda kikaanza. Wawira, kwenye viti vya katikati, alibaki ameketi, mdomo umefungwa. Na kutoka upande wa wazee wa kike nikasikia sauti ya Ciarunji, kavu kama kuni: "Mchungaji, ngoja kwanza. Hajamaliza." Kinanda kikanyamaza. Nikamaliza. Nilieleza yote, hewa na mvuke na vishimo, na nikasema waliosikia mawe walisikia kweli, ila hawakuuliza. Hakuna aliyepiga makofi. Chairman aliangalia kitabu chake cha nyimbo.

Barua ya uhamisho ilinikuta kabla mahindi hayajakomaa. Nilipelekwa nyanda za chini kwenye joto, kwenye kituo ambacho hakikuwa na pampu yoyote, kuhesabu mabomba ya stoo. Kila mtu alijua sababu na hakuna aliyeiandika. Asubuhi ya kuondoka Wawira alinifungia mukimo kwenye jani la mgomba na kunishika mikono bila kusema, lakini safari hii kunyamaza kwake kulikuwa kwa aina nyingine. Niliteremka mtoni kumuaga Ireri. Nilikuwa nimekwisha kumpa mkono na kuanza kupanda nilipopishana na Chairman njiani. Alikuwa peke yake, bila kofia, viatu mkononi, akishikilia mashina ya mikahawa ili asianguke. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Nilipanda hatua chache nikasimama nyuma ya mgomba, na sioni aibu kusema nilisikiliza.

Alisimama mbele ya Ireri, kichwa chini, akaanza kusema kitu kwa sauti iliyomezwa kooni. Ireri alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole.

"Sema kwa nguvu, Chairman," akamwambia. "Mashine siku hizi haina kelele."

Naye Chairman akasema tena, kwa sauti ya kutosha kufika hadi pale nilipokuwa, kwamba hapakuwa na mawe.